Pikipiki imegoma, betri imekufa: maswali ya madereva

Fundi, nina Boxer. Kila asubuhi napiga kiki mpaka jasho linanitoka. Nakosea wapi?

Kwanza, kama yako ina swichi nyekundu ya kuzimia injini upande wa kulia wa usukani, iangalie. Nimeshaletewa pikipiki iliyokokotwa kwa mwendo mrefu, kumbe swichi ilikuwa imeguswa na abiria.

Kama swichi iko sawa, weka frii (gia isishike), vuta choki (ya kuwashia injini ikiwa baridi), na usifunge koki ya petroli chini ya tangi. Shusha kiki taratibu mpaka uhisi inakaza. Hapo pistoni inabana hewa. Iache irudi juu, kisha ishushe yote mpaka chini kwa mkupuo mmoja. Wengi hupiga nusu nusu, haraka haraka, na injini haipati mzunguko kamili. Ukisikia harufu ya petroli ujue imelewa mafuta: funga koki, rudisha choki, zungusha mkono wa mafuta kwenye usukani mpaka mwisho, piga kiki tano au sita, halafu uanze upya. Isipowaka, fungua plagi uikaushe.

Na nakuomba, vaa viatu. Kiki ikirudisha, kandambili haikulindi.

Kiki yangu imevunjika meno na betri haina kitu. Nisukume kwa gia namba ngapi?

Ya pili. Ukiweka ya kwanza, hasa kwenye vumbi, tairi la nyuma linakwama na kuburuzika badala ya kuzungusha injini. Washa swichi ya funguo, bana klachi, kimbia nayo au tafuta kiteremko. Ikishika kasi, rukia kiti kwa uzito wako wote na uachie klachi wakati huohuo. Uzito ndio unaolifanya tairi liume ardhi. Ikikohoa tu, bana klachi tena na uongeze mafuta. Fanya hivyo mahali pasipo na magari.

Niko peke yangu na njia ni mchanga mtupu. Kuna njia ya kamba?

Ipo, lakini naieleza kwa hofu. Simamisha pikipiki kwa stendi ya kati, tairi la nyuma likiwa juu, la mbele liegemee ukuta au mti. Weka gia ya mwisho, washa funguo. Zungushia kamba kwenye tairi mara mbili tatu bila kuifunga fundo, ncha itokee chini kuelekea nyuma, kisha simama nyuma uivute kwa nguvu. Tairi litazunguka kuelekea mbele na kuizungusha injini. Kamba ikiisha, iachie. Ikiwaka, tairi litazunguka kwa kasi kubwa, kwa hiyo pitia ubavuni, bana klachi, weka frii, ndipo uishushe.

Usiizungushie mkononi. Na wengine hulizungusha tairi kwa kulivuta juu kwa vidole upande wa nyuma; mimi nilifanya hivyo nikiwa kijana, injini ikashika, na ncha ya kidole changu cha shahada ikabaki kati ya cheni na sproketi. Mpaka leo siokoti nati ndogo kwa mkono huo.

Yangu ni ya injekta na haina kiki. Tumesukuma mpaka usiku, haikuwaka.

Injekta inategemea pampu ya umeme na kompyuta yake. Dashibodi isipowaka hata taa moja, mnajichosha bure. Azima umeme kwa waya kutoka pikipiki nyingine ya volti 12: nyekundu kwa chanya kwanza, kisha nyeusi kutoka hasi ya ile nzima mpaka kwenye chuma cha injini ya ile iliyozimika. Ukiazima kwa gari, gari liwe limezimwa.

Skuta je, inasukumwa?

Hapana. Klachi yake hushika injini ikiwa tayari inazunguka. Tumia kiki kama inayo.

Nikishaiwasha, ninunue betri mpya?

Usikimbilie dukani. Pima betri injini ikiwa imewaka na mafuta yameongezwa kidogo. Ukisoma kati ya volti 13.5 na 14.5, chaji inaingia, na betri ndiyo ya kutiliwa shaka. Ikibaki 12, tatizo ni waya, rektifaya (kifaa kinachogeuza umeme wa injini uweze kuchaji betri) au koili ya kuchajia, na betri mpya nayo itakufa.