Wasomaji wanauliza: Disneyland usiku, na wajukuu wenye kulala mapema

SWALI: Jambo sana. Miye ni mama wa hapa Lubumbashi, commune Kenya. Mwezi wa saba binti yangu mwenye kuikala Saint-Denis kule Ufaransa atatupokea, miye na bajukuu babili, mumoja iko na miaka 5, mwingine 9. Alishatulipia tiketi ya Disneyland, siku moja tu. Bantu bananiambia kama kitu ya kuona kabisa ni ile ya usiku, mwangaza na fataki mbele ya nyumba ya mfalme. Lakini bajukuu wangu saa 2 ya mangaribi balishalala. Tufanye namna gani?

JIBU: Jambo mama, na aksanti kwa swali. Kwanza nikuambie kitu ambacho wengi hawafikirie. Mwezi wa saba saa ya Lubumbashi na saa ya Paris ni moja, hutageuza kitu ku saa yako ya mkono, lakini jua si moja. Sisi hapa saa 12 ya jioni giza linaanza kuingia. Kule, mwanzo wa mwezi wa saba, jua linazama karibu saa 4 ya usiku, ndiyo 22h hiyo, na ata likishazama mbingu inabakia nyeupe bado kwa muda. Sasa lile onyesho, wanapiga picha za mwangaza ku kuta za kasri, maji yanaruka, fataki zinapanda juu, na bila giza picha hazionekane. Njo maana kipindi hicho linaanza karibu na saa 5 ya usiku, pariki ikiwa inafungwa. Wajukuu watakuwa wameshapitisha masaa matatu ya usingizi wao.

Mimi nilikosea hapo. Nilienda na mtoto wa dada yangu, miaka 6, tukaingia asubuhi milango ikifunguliwa, tukakimbilia kila kitu, foleni juu ya foleni, jua kali, na saa 3 ya usiku alikuwa ameshanilalia begani, mate yananilowesha koti. Fataki ya kwanza ikalia, ya pili ikalia, ata kope haikutikisika. Aliamka ndani ya treni, akaniuliza, "Mama mudogo, inaanza saa ngapi?" Mpaka leo lile swali linaniuma.

Kwa hiyo mama, siku yenu muipange kuanzia mwisho wake. Mkiwa na tiketi ya siku moja najua moyo utawaambia muingie asubuhi sana juu pesa imeshalipwa, lakini mimi nasema acheni asubuhi ipite, watoto walale mpaka wachoke kulala, wale bien nyumbani, muingie saa 7 ao saa 8 ya mchana. Na usiku wa mbele yake wachelewe kulala kidogo, mwili uzoee. Kurudi Saint-Denis kulala mchana kisha kurudia tena msijaribu, kutoka kule mpaka Marne-la-Vallée, ndiko Disneyland iko, ni zaidi ya saa moja na kubadilisha treni. Yule wa miaka 5, ata kama anatembea vizuri, mkodishieni pusete, kile kigari cha kusukumia mtoto, pale kwenye mlango, saa 1 ya jioni mumlaze humo kivulini, na mtu mmoja abaki naye. Mkubwa aende kucheza na mama yake.

Mahali pa kusimama: watu wanabanana mbele kabisa ya kasri, wanakaa chini saa nzima mbele ya onyesho, na likianza tu wababa wanapandisha watoto ku mabega, wa nyuma haoni kitu. Nyie musimame nyuma kidogo, katikati ya ile barabara kubwa ya maduka inayoangalia kasri. Kasri litakuwa dogo, ndiyo, lakini fataki ziko juu ya kichwa cha kila mtu, na mlango wa kutokea uko mgongoni mwenu. Sweta musisahau. Upepo ukiwa mwingi wanaweza kupunguza fataki ao kuziacha, hiyo muwaambie watoto mapema.

Kwa nini kizuri wanakiweka mwisho? Mtu akibaki mpaka usiku, atakula kulekule. Na si wazo jipya: Tivoli, pariki ya michezo ya Copenhagen kule Denmark, ilifunguliwa 1843 na taa zake za usiku zilikuwa sehemu ya uzuri wake, Walt Disney aliitembelea 1951, miaka minne mbele ya kufungua pariki yake ya kwanza California, na hii ya Paris ilikuja 1992.

Kitu kinachonitia wasiwasi zaidi ni kurudi. Watu wote wanatoka pamoja, RER A, ile treni ya kurudi Paris, inajaa, na treni za mwisho ni kidogo tu nyuma ya saa 6 ya usiku. Tena wakati wa joto mara mingi wanatengeneza reli usiku na treni zinakatwa. Binti yako atazame ratiba ileile siku, si wiki mbele, na kama kuna mkwe ao jirani mwenye motokari, mumuombe.

Na wewe kijana wa Kampemba uliyeuliza kama unaweza kuandalia watoto wa avenue yenu kitu cha usiku bila pesa ya fataki: unaweza, na giza letu la saa 12 na nusu ni utajiri ambao Paris haina mwezi wa saba, watoto wako bado macho! Shuka nyeupe ivutwe bien ku ukuta, projekta ya kukodisha, wadogo mbele, wakubwa nyuma. Grupe, ile jenereta ya umeme, uiweke mbali, nyuma ya nyumba, juu kelele yake inaua hadithi na moshi wake ni mbaya kwa watoto, na uwe nayo ata kama umeme uko, delestaje, kule kukatwa kwa umeme, haingojee onyesho liishe. Dakika 20 zinatosha. Kisha uwashe taa zote mbele ya watoto kuanza kutembea.