Tangulizeni kinu

Wiki hii mmeuliza: anayetaka kujipikia espreso (kahawa nzito inayokamuliwa kwa maji ya moto yenye mgandamizo) nyumbani aanze kununua kifaa gani? Mimi nasema kinu cha kusagia. Mashine itasubiri.

Nilianza kinyume. Nilinunua mashine kwa kuvutiwa na boksi lake, "baa 15" kwa maandishi makubwa (baa ni kipimo cha mgandamizo, si ile ya vinywaji). Kumbe espreso inataka baa kama 9 tu. Kahawa nilikuwa nasaga kwa kile kimashine cha visu vinavyozunguka kama blenda. Kila kikombe kilikuwa kichungu na kichachu kwa pamoja, nikawa nailaumu mashine. Siku moja nikaimwaga ile kahawa kwenye karatasi nyeupe: huku vumbi kama poda, kule vipande kama changarawe. Vumbi hukamuliwa kupita kiasi, ndiyo uchungu. Vipande maji huvipita haraka, ndiyo uchachu.

Kinu cha meno hakikatikati hovyo. Buni hupita kwenye mwanya unaoupanga mwenyewe, na chembe zikatoka karibu sawa. Cha mkono kinafaa kabisa kama huogopi kuchoka bega. Ila kikague kwanza: mwanya urekebishike kidogo kidogo, maana kwenye espreso hata nusu hatua inaonekana kikombeni.

Ongeza mizani midogo. Mimi naweka gramu 18 za kahawa, natoa gramu 36 kikombeni, kwa sekunde 25 hadi 30. Ikitoka kwa sekunde 12, nasaga laini zaidi. Ikijikongoja hadi 50, nasaga chembe kubwa zaidi. Kipimo cha kahawa sikigusi, la sivyo sitajua kilichobadilika ni nini.

Na mashine? Geuza kichujio chake, kile kikombe cha chuma kinachotiwa kahawa, utazame chini. Chenye kitundu kimoja tu chini hutoa povu hata kwa kahawa iliyokaa muda mrefu. Tafuta chenye matundu mengi, hicho hakikufichi kosa. Asiye na haraka ya mashine atumie birika la Moka, lile la Bialetti la Italia tangu 1933. Mgandamizo wake ni baa 1 au 2, kwa hiyo si espreso, lakini kwa buni iliyosagwa vizuri hutoa kahawa nzito na tamu.

Ile mashine yangu ya baa 15 ninayo bado. Nilibadilisha kichujio na kinu, basi. Asubuhi hii imetoa gramu 36 kwa sekunde 27, rangi ya asali.