Sayari yako inafanana na gololi kwa sababu umeitia chumvi

Mkuu, nimeiona hiyo picha ya sayari uliyoitengeneza kwa kompyuta na kuipandisha hapa. Unasema umefuata somo la YouTube hatua kwa hatua, na bado watu wanakuambia ni gololi. Pole, hapo nimepita. Mwaka 2016 nilitengeneza Mars, ile sayari nyekundu, kwa ajili ya kava la riwaya ya jamaa mmoja. Nilikesha nayo siku tatu kwenye laptop ya RAM 4 GB, nikajiona fundi. Mpwa wangu wa miaka sita akachungulia kioo, akauliza: "Anko, hilo embe mbona linaelea gizani?" Nilinuna, lakini mtoto alikuwa sahihi. Embe dodo kabisa, na mng'ao wake shavuni.

Ukitumia Photoshop au GIMP, zote programu za kuhariri picha, hakuna tofauti kubwa, kwa hiyo usihangaike kubadilisha programu. Hebu chukua kikokotoo kwanza. Kipenyo cha Dunia ni kilomita 12,742 hivi. Ukiichora kwa upana wa pikseli 1,000 (vile vidoti vidogo vinavyounda picha), kila pikseli inabeba karibu kilomita 13. Mlima Kilimanjaro, mita 5,895, haufiki hata nusu pikseli! Sasa rudi kwenye picha yako uangalie hayo mabonde na vilima vilivyotuna kama ganda la fenesi. Kwa kipimo hicho una milima ya kilomita mia mbili. Jicho la mtazamaji halipigi hesabu, ila linashtuka, linasema hiki ni kitu kidogo, kinashikika mkononi. Ile leya yako (tabaka la picha) ya Emboss, inayoitunisha picha, ishushe nguvu mpaka asilimia 5, au ifute tu. Mashimo na milima viache vionekane kwenye ule mpaka wa mchana na usiku, maana jua linapopiga kwa ubavu ndipo vivuli hurefuka. Angalia mwezi ukiwa nusu, utaona.

Hesabu hiyo hiyo ipeleke kwenye hewa. Kilomita 100 juu, ambako watu wengi huhesabu ndiyo mwanzo wa anga za juu, ni pikseli 8 tu, na hewa nzito yenyewe ni pikseli moja au mbili. Wewe umeweka mwanga wa buluu wa pikseli 60, tena umezunguka duara lote mpaka upande wa usiku. Hiyo ni taa ya baa, mkuu. Mimi nafanya hivi: natengeneza duara la buluu hafifu nyuma ya sayari, nalipiga Gaussian Blur, filta ya kutia ukungu, ya pikseli 4, kisha nafuta upande wote wa giza kwa blashi laini. Halafu naongeza utando mwembamba wa buluu kwa ndani ya ukingo, upande wa jua peke yake, leya ikiwa kwenye Screen, hali inayoongeza mwanga. Huo wa ndani watu wengi wanausahau, na ndio unaoipa sayari hewa, kwa sababu pembeni jicho linapenya hewa nyingi zaidi kuliko katikati.

Kivuli nacho usikipake kwa blashi. Kwenye leya mpya ya Multiply, hali inayotia giza kilicho chini yake, jaza duara zima jeusi, sogeza alama ya uteuzi kuelekea jua, lainisha ukingo wake kwa pikseli 70 hivi, kisha futa. Kitabaki kivuli cha mundu. Kiache kiwe cheusi kweli, usikionee huruma. Ukiwa unachora mwezi usio na hewa, ulainishaji uwe mdogo zaidi.

Sasa utamu wenyewe, yaani ngozi ya sayari. Ile filta ya Clouds, inayochora mawingu yenyewe, kila mtu anayo, na ukiirudia Difference Clouds mara nyingi unapata mishipa kama ya marumaru. Ndiyo maana gololi! Mimi siku hizi natoka na simu. Mars yangu ya pili niliitoa kwenye geti la chuma la jirani lililoliwa na kutu. Na si ujanja wa rangi tu, maana wekundu wa Mars kwa kweli unatokana na oksidi ya chuma. Kutu ni kutu. Jirani alidhani napima geti nilinunue. Chapati iliyobabuka kidogo ni mwezi mzuri sana, na ukoko wa ugali uliobaki kwenye sufuria, ukiuondolea rangi, unakupa barafu yenye nyufa. Piga picha kivulini. Ukipiga kwenye jua la saa saba, picha itakuja na vivuli vyake, vigombane na jua la sayari yako.

Ukiiviringisha hiyo picha bapa iwe tufe kwa GIMP, ingia Filters, kisha Map, kisha Map Object, uchague Sphere. Picha yako iwe na upana mara mbili ya kimo, mfano 4000 kwa 2000. Mimi nilijaribu 8000 kwa 4000, laptop ikaganda, na kazi sikuwa nimehifadhi. Kabla ya kuviringisha, isogeze picha nusu ya upana wake kwa Offset, amri ya kusogeza, uone mshono unapokaa, uuzibe kwa stempu ya kunakili, kile kifaa cha kuhamishia kipande cha picha mahali pengine. Kwenye ncha za kaskazini na kusini picha itajikunja kama kitunguu; mimi huzifunika kwa barafu au mawingu, naendelea na maisha.

Mawingu yawe na mwelekeo. Kusini mwa ikweta vimbunga huzunguka kufuata mwendo wa saa, kaskazini kinyume chake. Tafuta picha za satelaiti za kimbunga Idai cha Machi 2019 kabla hakijaipiga Beira, Msumbiji, uone mikono yake inavyojikunja. Yako yote inazunguka upande mmoja.

Rangi chukua kwa kidonezi, kile kifaa cha kunasa rangi, kutoka picha halisi ya Dunia. Ile iliyopigwa na wanaanga wa Apollo 17 wakielekea mwezini, ya tarehe 7 Desemba 1972 inatufaa sana sisi, kwa sababu Afrika ndiyo iliyojaa pale. Bahari ni ya buluu iliyokaribia weusi, misitu ni ya kijani kizito kilichofifia, Sahara ni ya mchanga uliopauka. Hakuna kijani cha jezi. Na nyota je? Hamna hata moja! Kamera ikipimwa kwa mwanga wa Dunia iliyopigwa na jua, nyota hazishiki. Hizo zako mia tatu zenye misalaba zifute zote.

Anza na Emboss na ule mwanga wa buluu, usiguse kingine. Pandisha toleo hilo hapa, tuone kama ngozi yenyewe inahitaji kurudiwa.