Daftari Tupu Si Afya Njema

Watoto walipungua katika huduma za wagonjwa wa nje mwaka 2020, wakati wa korona; je, ni kwa sababu waliacha kuugua? Hapana, si kwa sababu hiyo tu. Wengi walishindwa kufika. Hapa Uganda, ili kuzuia korona, usafiri wa umma ulisimamishwa tarehe 25 Machi, bodaboda zikakatazwa kubeba abiria, na siku chache baadaye magari binafsi nayo yakazuiwa, hata mzazi mwenye gari akalazimika kuomba kibali cha kamishna mkazi wa wilaya kabla ya kumpeleka mwanawe hospitali.

Wakati huo nilikuwa nikiandikisha wagonjwa katika kituo cha afya cha daraja la tatu. Ukurasa wa daftari uliokuwa ukijaa kabla ya saa nne asubuhi ulichukua siku mbili kujaa, na waliofika walikuwa wamebebwa mgongoni kutoka mbali, baadhi yao homa ikiwa imefika siku ya nne na viganja vimepauka kwa kupungukiwa damu. Mbu hakuwekewa kafyu, kwa hiyo malaria iliendelea kama kawaida.

Ni kweli, hata hivyo, kwamba shule zilipofungwa mafua na kikohozi cha kuambukizana vilipungua, jambo lililoonekana katika nchi nyingi. Kwa hiyo usisome jumla ya wagonjwa peke yake: tenganisha ugonjwa na ugonjwa, kisha uangalie pia wangapi walilazwa wakiwa mahututi na wangapi walikosa chanjo.