"Dar Haifiki 40": kwa wadogo zangu mnaoanza kupiga hesabu za rejeta

Jumatatu asubuhi dogo wetu mpya kaniletea hesabu za rejeta, yaani zile pleti za bati zinazopooza mafuta, za transfoma ya 33/11 kV. Excel safi, rangi kila safu, mpaka nembo ya kampuni kaiweka. Mimi nikashuka moja kwa moja kwenye seli ya C7, pale panapokaa joto la hewa. Imeandikwa 20.

"Hii 20 umeitoa wapi?"

"Ndiyo ya standadi, bosi. Na kilele ni 40. Dar haifiki 40, kwa hiyo tuko salama."

Nikavuta kiti nikakaa. Maneno hayo hayo niliwahi kuyatamka mimi, kwa kujiamini hivyo hivyo, tena mbele ya mshauri wa mteja. Nimeona vijana wanne sasa wakiyarudia, na nimechoka kumsimulia mmoja mmoja kwenye chai. Mnaotoka vyuo vya Mlimani, DIT na kwingineko, someni hapa kwa pamoja. Sitaeleza ONAN ni nini. Kama hujui, funga hii, kafungue daftari lako.

1. Anza na ukurasa wa mazingira, hasara (umeme unaogeuka joto ndani ya transfoma) zitakungoja.

IEC 60076-2, standadi ya kimataifa ya joto la transfoma, ina namba tatu za joto la hewa. 40 ni kilele. 30 ni wastani wa mwezi wenye joto kuliko yote. 20 ni wastani wa mwaka. Kila kijana anaikariri ile ya kwanza kwa sababu ndiyo inayotisha, halafu anaumizwa na ya tatu. Wastani wa mwaka hapa Dar unacheza kwenye 26. Mnaolala Mbagala au Tandale bila feni mwezi wa pili hamhitaji kipimajoto kuliamini hilo. Sasa, kila nyuzi inayozidi pale, unaikata kwenye kiasi ambacho mafuta na koili vinaruhusiwa kupanda juu ya joto la hewa. Mafuta ya juu yanatoka 60 K (kelvini, ukubwa ule ule wa nyuzi) yanabaki 54. Wastani wa koili unatoka 65 unabaki 59.

Nilikuwa na mwaka mmoja na nusu kazini nilipopewa transfoma ya MVA 5 peke yangu. Peke yangu! Nilimpigia mama simu. Hasara za jumla zilikuwa karibu kW 40, nikapanga rejeta sita, kila moja pleti 16, upana mm 520, urefu mm 1,600. Hesabu ikanipa mafuta 57 K, koili 62. Nikajisifu kwamba nimebakiza kelvini tatu mfukoni, nimewaokolea watu chuma. Ukurasa wa mazingira wa tenda nilikuwa nao. Ulikuwa umebanwa na stepla nyuma ya mchoro wa kibao cha jina, na sikuufunua.

Ikafika siku ya kuichemsha. Mnajua zoezi lenyewe: unaisukumia hasara zote, unakaa unaandika joto saa baada ya saa mpaka mafuta ya juu yapande chini ya 1 K kwa saa, na yakae hivyo saa tatu. Tukakesha. Mteja alimleta mshauri wake, mama mmoja injinia mtu mzima, miwani imening'inia kwa kamba. Alikuja na chupa yake ya chai na kiti chake cha plastiki. Usiku kucha hakuzungumza zaidi ya salamu. Alizunguka zile chupa za mafuta zenye vipimajoto vya hewa, tulizozipanga mita 2 kutoka kwenye rejeta, akahakikisha hakuna iliyokaa mbele ya mlango, akarudi kukaa.

Alfajiri mafuta yakatulia kwenye 58 K. Tukashusha hadi mkondo wa kawaida kwa saa moja, tukazima, tukakimbilia kupima ukinzani wa koili kabla haujapoa. Koili 63. Nikatabasamu. Moyoni nimeshafika Ferry nakula samaki.

Mama akavaa miwani. "Mwanangu, limiti yenu ni ngapi?"

"Sitini na sitini na tano, mama."

Akafungua faili lake, akaligeuza upande wangu, akaweka kidole kwenye mstari. Wastani wa mwaka wa eneo: 26.

Na mimi, Mungu anisamehe, nikasema: "Lakini mama, Dar haifiki 40."

Hakukasirika, na hilo ndilo lililoniumiza zaidi. Alinitazama kama unavyomtazama mtoto aliyevaa viatu kinyume. "Sijakuuliza kilele. Karatasi ya kwenye koili haingojei siku ya joto kali ndipo iive. Inaiva kila siku." Akachukua kalamu yangu, akaandika pembeni ya karatasi yangu ya vipimo: 20 + 78 = 98. Chini yake: 26 + 72 = 98. Halafu akaniachia niitafakari.

Kwa wasioipata haraka, kama mimi siku ile: 78 ni kiasi sehemu yenye moto zaidi ya koili inachoruhusiwa kupanda juu ya hewa, 72 ni hicho hicho kikikatwa 6, na 98 ndiyo joto la sehemu hiyo ambalo uhai wa karatasi ya kawaida ya kuhami koili umepigiwa hesabu. Ukiongeza nyuzi 6, karatasi inazeeka mara mbili ya kasi. Na tofauti ya Dar na standadi ni 6 kamili. Kwa hiyo transfoma yangu ingekuwa imekula limiti yote ya 60, ingezeeka kwa kasi maradufu pale pale ilipo, bila kengele yoyote kulia. Ingewaka, ingehudumu, na mimi ningepandishwa cheo.

Mafuta 58 badala ya 54, nimezidi kelvini nne. Nikajaribu kujiokoa. Nikapendekeza feni. Mama akasema tenda inataka ONAN, kupoa bila feni wala pampu, na yeye hana mtu wa kubadilisha mota za feni kila zikifa. Nikapendekeza tuongeze pleti mbili mbili kwenye kila rejeta, maana hesabu ilidai kama asilimia 12 zaidi ya eneo, na katika pleti 96 hizo ni kama pleti 12. Fundi mkuu akacheka. Rejeta zimeshafungwa, zimeshachomelewa, zimeshapigwa presha na rangi. Pleti haiongezwi kama kitunguu kwenye mchuzi.

Ikabaki rejeta ya saba. Rejeta ya saba inataka flenji (midomo ya kuungia) mbili mpya kwenye tanki, moja juu, moja chini. Flenji zinataka tanki litobolewe. Kutoboa kunataka mafuta yatoke, mfuniko uvuliwe, kori (kiini cha chuma) na koili zinyanyuliwe na kreni. Na ilikuwa masika. Kori ikikaa nje kwenye unyevu wa mwezi wa nne unairudisha jikoni, kwenye tanuri, ikaushwe upya, hakuna mjadala. Zikaenda wiki tatu. Nikapewa adhabu ya kusimama pale kila hatua.

Siku ya kutoboa, mzee mchomeleaji alishusha kioo chake usoni, akawasha moto, halafu akazima, akapandisha kioo. "Injinia, hili shimo ni la kelvini ngapi?"

"Nne, mzee."

Akashusha kioo. Tangu siku hiyo jina langu karakana nzima ni Kelvini Nne. Mtu wa stoo ananiandikia hivyo hivyo kwenye vocha. Mlikuwa mnajiuliza limetoka wapi, ndiyo hapo.

Nyongeza ndogo kabla sijasahau: mkipeleka mzigo Njombe au Mbeya, baridi isiwadanganye, hewa ya huko ni nyepesi. Juu ya mita 1,000 unakata kelvini 1 kwa kila mita 400 kwa transfoma isiyo na feni, na kwa kila mita 250 kwa yenye feni.

2. Mionzi hutoka kwa walio dirishani tu.

Vitabu vya chuo vinakupa wati 12.5 kwa kila mita ya mraba kwa kila nyuzi, nyie mnazidisha na eneo la pleti zote, mnaondoka na tabasamu. Ile 12.5 ni ya ukuta wa tanki uliosimama peke yake: karibu nusu ni mionzi, nusu ni hewa inayopanda. Pleti ya katikati inamtazama mwenzake aliye na joto sawa naye. Atampa nini? Ni abiria wa katikati kwenye daladala la Gongo la Mboto saa kumi na mbili jioni: dirisha analiona, upepo haumfikii. Kwa mionzi, chukua eneo la nje tu, kama umezungushia rejeta nzima kamba. Kwa hewa, chukua pleti zote.

3. Kitovu cha rejeta kikae juu ya kitovu cha koili. Mafuta yanazunguka kwa sababu ya moto kupanda na baridi kushuka, hakuna pampu, na ukishusha rejeta ili ipendeze kwenye mchoro umeyanyang'anya mafuta sababu ya kutembea.

4. Chumvi.

Pleti ni bati la mm 1 hadi 1.2. Kigamboni, Kurasini, Msasani, hewa yenyewe inatafuna. Nafasi kati ya pleti na pleti ni kama mm 45, na bunduki ya rangi haifiki ndani, hata mpigaji aape. Rangi ya rejeta inamwagiwa au inachovywa, na kwa mzigo wa pwani dai zinki ya kuchovya kwanza. Kutu huanzia chini, pale maji yanapotulia kwenye mshono, na dalili ya kwanza ni vumbi lililoganda kwa mafuta mahali ambapo jana lilikuwa kavu. Ukiona hilo doa, lifute, rudi kesho. Likirudi, limetoboka.

Rangi ya kijivu au ya kijani, usigombane na mteja, kwenye joto tofauti haionekani. Ugomvi uwe kwenye rangi ya fedha ya alumini tu, hiyo kweli inabana mionzi.

5. Nenda ukaone inapokaa.

Mchoro utakuonyesha uwanja wazi. Fika Kariakoo sasa. Utakuta transfoma iko chini ya ghorofa, kuta pande tatu, tundu la hewa limezibwa na marobota ya mitumba. Hewa ya moto inatoka juu ya rejeta, inagonga dari, inarudi kuingia chini. Hapo wastani wako wa 26 umeshakuwa stori.

Wakati mwingine hata uwanja ukiwa wazi bado. Kuna kituo kimoja tuliitwa kwa sababu mafuta yanapanda kila Jumapili. Jumapili tu! Tukakagua mzigo: Jumapili ndiyo siku viwanda vya jirani vimelala, mzigo uko chini. Tukakagua kipimajoto, kizima. Vijana wakaanza kutaja nadharia za hamoniki, uchafu wa mawimbi ya umeme. Nikasema twendeni Jumapili yenyewe. Tukamkuta mlinzi kaanika sare, shuka, blanketi na chandarua juu ya rejeta zote za upande wa kusini, kwa mpangilio mzuri kuliko Excel zenu. Siku yake ya kufua.

"Zinakauka haraka, wakubwa," akatueleza.

Nilitetemeka kwa kitu kingine kabisa, kwamba alikuwa anarusha blanketi bichi chini ya bushingi (vihami vinavyoingiza umeme) za kV 33. Tukamfungia kamba mbali, nje ya uzio. Jumapili iliyofuata mafuta yakatulia.

6. Ndani ya rejeta pawe pasafi. Suuza kwa mafuta safi ya moto kabla ya kufunga, na vifuniko vya flenji vitoke dakika ile unayofunga, siyo asubuhi "ili kuokoa muda". Nimeshachomoa kiota cha nyigu kwenye bomba, na nyigu walikuwemo.

7. Valvu. Hii naiandika kwa aibu yenu, siyo yangu.

Rejeta zinasafiri mbali na tanki, zinafungwa saiti, halafu mtu anatakiwa afungue valvu ya juu na ya chini ya kila moja na atoe hewa kwenye plagi ya juu. Rejeta sita ni valvu 12. Hesabu mpaka 12. Usiseme "zote ziko wazi" kwa kutazama mshikio mmoja. Baada ya kuwasha na mzigo kuingia, pita ukiguse kila rejeta kwa mgongo wa mkono, huku ukiheshimu umbali wa umeme wa juu. Juu pawe moto, chini pawe vuguvugu. Ikiwa baridi kote na tanki linaunguza, kuna valvu imefungwa au hewa imenasa. Mwaka jana mmoja wenu alitaka kuagiza rejeta mbili za nyongeza kwa ajili ya transfoma ambayo valvu nne hazikufunguliwa. Simtaji. Anajijua, na anasoma hapa.

Kulikuwa na ya nane kuhusu konsaveta, lile tanki dogo la juu, kwamba ukiongeza rejeta umeongeza mafuta, na mafuta yaliyoongezeka yanataka pa kupanukia. Lakini dogo ndiyo kaingia sasa hivi na laptopu yake, anacheka.

Kabadilisha C7 kuwa 26, na ametengeneza makro ya kubadilisha kwenye mafaili yote ya mwezi huu kwa mpigo. Nimemuuliza kama na lile la Njombe limo.

Ameacha kucheka, amevuta kiti.