Bima ya pikipiki: kabla ya kuuliza ndogo au kubwa, angalia palipoandikwa "matumizi"

Mkuu, umeuliza mambo mawili. Una pikipiki mpya ya milioni tatu unayotaka kupigia boda jioni ukitoka kazini: uchukue bima ndogo (inayomlipa uliyemgonga tu) au kubwa (inayoingiza na chombo chako)? Na ukigongwa, unaanzia wapi? Yote mawili yamenikuta hapa Morogoro.

Naanza na matumizi, maana hapo ndipo nilipoumia. Mwaka 2023 nilikuwa na bima kubwa. Mdogo wangu akaazima pikipiki, akapakia abiria wa kulipa, wakaangukia mtaroni Kihonda. Hati yangu ilisema "matumizi binafsi". Afisa madai alimuuliza swali moja tu: uliyempakia ni nani wako? Dogo akasema ukweli, na hadi leo namheshimu kwa hilo. Dai likakataliwa kwa barua ya aya mbili. Nilikasirika sana, lakini niliposoma hati upya nikaona wako sahihi. Wakala hakuniuliza naitumiaje, nami sikumwambia. Kwa hiyo hata kama utabeba abiria saa mbili tu kwa siku, iandikwe biashara ya abiria, na uulize kabisa kama abiria mwenyewe yumo kwenye bima. Utalipa zaidi, lipa. Kila atakayeishika awe na leseni ya daraja A, na kadi isomeke jina lako. Kwa wale wa pikipiki za mkataba, yaani unamlipa mwenye chombo kidogo kidogo hadi kiwe chako: kadi na bima ni za huyo tajiri, hivyo hela ya bima inakwenda kwake. Andikianeni mapema itakuwaje ikiharibika ukiwa umebakiza miezi miwili.

Bima ndogo ni lazima kisheria, Sura ya 169. Inamlipa uliyemuumiza au uliyemharibia mali. Pikipiki yako haimo, mguu wako pia haumo. Kubwa inaongeza ajali yako, moto na wizi. Kwa chombo kipya ningechukua kubwa bila kusita, kwa sababu ya wizi kuliko ajali. Ila usishushe thamani ili ulipe kidogo. Ukiandika milioni moja na nusu kwa pikipiki ya milioni tatu, hasara ya 600,000 wanaweza kukulipa nusu, 300,000, maana umekata bima ya nusu ya chombo. Halafu watoe kile kiasi unachobeba mwenyewe kwa kila dai. Kiasi hicho kiulize kabla hujalipa. Ukishalipa, hakiki stika kwenye mfumo wa TIRA, mamlaka inayosimamia bima, palepale ukiwa na wakala. Stika feki zipo.

Sasa ajali. Mwaka 2021 Noah ilinikatia mbele karibu na stendi ya Msamvu. Dereva alitoa 150,000 tumalizane, watu wakanizunguka wakisema chukua. Nilikuwa nasimama, nikadhani sijaumia. Usiku goti likavimba, siku ya tatu nikaambiwa mfupa umepata ufa. Ningechukua ile hela ningekuwa nimeuza goti langu. Kilichoniokoa ni kwamba nilipiga picha namba ya gari, stika yake ya bima, leseni ya dereva na vyombo vilivyolala kabla havijasogezwa. Trafiki akaja akachora mchoro. Nikachukua PF3, ile fomu ya polisi ya matibabu, kabla ya hospitali. Kama hali ni mbaya tibiwa kwanza, ndugu afuatilie PF3.

Aliyekosea ni yeye, kwa hiyo nilidai kwenye bima yake, sio yangu. Hata hivyo kampuni yangu niliitaarifu kwa maandishi siku ya pili, maana hati yangu ilidai hivyo. Kampuni ya bima yake ilitaka ripoti ya polisi, ripoti ya ukaguzi wa chombo, nakala ya hukumu ya kesi ya trafiki, PF3 iliyojazwa na daktari, na risiti. Risiti ndiyo iliyonitesa. Shokapu za mbele nilinunua kwa fundi wa mtaani aliyeniandikia risiti kwenye karatasi, wakaikataa. Risiti za EFD, mashine ya kodi, tu ndizo zilizopita. Na usitengeneze chochote kabla mtathmini wao hajakiona. Ilichukua miezi saba, kila nikienda naondoka na nakala iliyogongwa muhuri wa kupokelewa.

Mwisho wanakupa hati ya kusaini kwamba umeridhika na hudai tena. Hiyo usiisaini ukiwa bado unahudhuria kliniki. Wakikwama au wakikukatalia bila sababu ya maana, nenda kwa Msuluhishi wa Migogoro ya Bima, yupo kisheria kwa ajili yetu. Zile nakala za muhuri ndizo utakazobeba.

Kama wakala ameshakutumia hati, piga picha ukurasa wa matumizi na thamani, ficha jina na namba, weka hapa. Nitakusomea leo hii kabla hujaipakia abiria.