Kiunzi kimoja, wahusika watatu

SWALI: Shikamoo mwalimu. Natengeneza katuni fupi za watoto kwa Blender, programu ya uhuishaji wa 3D. Nina wahusika watatu: Juma, bibi yake na konda wa daladala. Kutembea kwa Juma kumenitoa jasho ila kumependeza. Nilipokunakili kwa bibi, nyayo zinateleza, mikono inazama tumboni, na kidole gumba hakisogei kabisa. Je, kila mhusika nimwanzie sifuri?
Msomaji, Morogoro

JIBU: Marahaba. Huna haja ya kuanza sifuri, ila naona kila mmoja ulimjengea kivyake kiunzi chake, yaani ile mifupa ya kidijitali inayomwendesha.

Tuanze na kidole. Mwendo uliohifadhiwa Blender haumjui Juma wala bibi. Unajua majina ya mifupa. Kwa Juma ukiuita mfupa “gumba.L” na kwa bibi ukauacha “Bone.004”, amri haina pa kwenda. Jenga kiunzi kimoja chenye majina safi, .L kwa kushoto na .R kwa kulia, kisha kila mhusika mpya apewe nakala yake. Refusha au fupisha mifupa upendavyo, lakini jina na mwelekeo wake usiviguse. Rigify, programu-jalizi inayokuja ndani ya Blender bila malipo, itakupa kiunzi cha binadamu kilicho tayari. Ina vishikio vingi mpaka vinakera, lakini kwa anayeanza naipendekeza.

Mikono je? Mzunguko wa mfupa huhesabiwa kutoka pozi la mwanzo. Juma alianza amenyoosha mikono kama msalaba, bibi nadhani alianza ameiteremsha nusu. Nyuzi zilezile za mzunguko zinazoushusha mkono wa Juma hadi pajani zinaupitisha wa bibi hadi tumboni. Wote waanze pozi moja.

Nyayo ni hesabu. Mzunguko wa paja haujali urefu wa mguu, ila msogeo wa nyonga unajali. Mguu wa Juma ukiwa sentimita 50 na wa bibi 80, zidisha msogeo wa nyonga kwa 1.6. Mtelezo mdogo utakaobaki, ubane unyayo chini kwa IK (unaushika unyayo mahali pake, mguu unajikunja wenyewe kuufuata) kwenye fremu unazokanyaga. Mtafiti Michael Gleicher alilichambua tatizo hili la kuhamishia mwendo kwenye mwili mwingine tangu 1998, na nyayo kubaki mahali pake lilikuwa miongoni mwa masharti yake makuu.

Sasa, ukishafanikiwa, bibi atatembea sawasawa na Juma, na hapo ndipo katuni nyingi huniudhi. Bibi aliyejifunga khanga hapigi hatua za mtoto anayekimbilia gari! Utembeaji wa msingi uufanye wa kawaida, usio na tabia ya mtu. Kisha kwenye NLA, sehemu ya Blender ya kupanga miendo kwa matabaka, mwongezee bibi tabaka la juu: mgongo uiname, mapaja yapunguze kufunguka, na msogeo wa nyonga upungue kwa kiasi hichohicho. Juma naye apate tabaka lake la kurukaruka.

Kupumua na kupepesa macho wagawane wote watatu. Konda kuning'inia mlangoni akipigapiga bodi la gari, hilo litengeneze fremu kwa fremu. Juma hana cha kumwazima.